MADIRISHA MAPYA YENYE DOSARI NDOGO

Yafaa yatengenezwe kabla ya mvua kufika

Upande wa Naitiri, katika nchi iliyo kati ya Kitale na Bungoma, majira ya kujenga nyumba hufuata majira ya mahindi. Mavuno huanza Oktoba na kuendelea mpaka Desemba. Mkulima akisha kuuza magunia yake, ndipo anapoweza kununua saruji, mabati na vioo. Kwa hiyo kazi nyingi za ujenzi hufanywa wakati wa kiangazi, na kwa kuwa madirisha hukamilishwa baada ya kuta kwisha, mengi hutiwa vioo Februari au Machi. Mwisho wa Machi, au Aprili ikichelewa, mvua huanza, na haikomi sawasawa mpaka Oktoba au Novemba. Dirisha jipya, basi, hupata wiki chache tu za kukaa kavu, kisha huingia katika majira ya maji kwa muda wa miezi saba au minane.

Hii ndiyo sababu dosari ndogo ya dirisha jipya si jambo la kuachwa mpaka mavuno mengine. Mahali penye ukavu, chuma kilichobanduka rangi kinaweza kungoja. Huku hakingoji. Mahali palipobanduka mwezi wa Machi, padogo kama ukucha, huwa pamekula kutu ifikapo Agosti, na kutu hiyo hutambaa chini ya rangi iliyo nzima bila kuonekana. Mwenye nyumba ambaye angetumia kipande cha msasa na kopo dogo la rangi hulazimika kumtafuta fundi aliyekwisha kwenda kujenga kwingine, na kununua kioo cha pili kabla nyumba haijatimiza mwaka.

Mashamba makubwa ya walowezi wa Kizungu yalipogawanywa katika miaka ya 1960, jamaa nyingi zilikuja kukaa pande hizi, na nyumba za kwanza za wengi wao zilikuwa za miti na udongo. Dirisha lilikuwa ubao uliofungwa kwa bawaba: likifungwa ni giza, likifunguliwa mwanga na upepo huingia pamoja. Dirisha la namna hiyo halikuwa na mengi ya kuharibika. Dirisha la kioo ni jambo lingine. Hilo ni vitu vinne vilivyounganishwa, yaani ukuta, fremu, kioo, na ule unga wa chaki uliokandwa kwa mafuta ya kitani ambao mafundi huuita puti; na kila kimoja hutanuka na kunywea kwa kadiri yake. Katika nchi hii ya juu, ambako jua la mchana ni kali na usiku ni wa baridi, viungo hivyo hujaribiwa kila siku. Dosari moja ndogo mara nyingi ni dalili ya jambo lililo katika kitu kingine kati ya hivyo vinne, na anayeitengeneza bila kujua chanzo chake ataitengeneza tena.

KUTAZAMA KABLA YA KULIPA

Mwenye nyumba na fundi wake yafaa wazunguke nyumba pamoja kabla ya malipo ya mwisho. Saa nzuri ya kufanya hivyo ni asubuhi au alasiri, jua likiwa chini, kwa maana mwanga unaopita kwa ubavu huonyesha mikwaruzo na mabonde ambayo mwanga wa adhuhuri huyaficha.

Kila dirisha lifunguliwe na kufungwa mara tatu au nne. Kisha kipande cha gazeti kibanwe kati ya fremu na pande linalofunguka, dirisha lifungwe, na karatasi ivutwe. Ikitoka kwa urahisi mahali fulani, hapo pana mwanya, na upepo wa mvua utapajua. Baadaye fremu ipimwe kwa utepe kutoka pembe hadi pembe, kwa mshazari, pande zote mbili. Vipimo hivyo viwili vikiwa sawa, fremu imekaa vizuri; vikitofautiana kwa upana wa kidole, imepotoka, na hakuna puti wala rangi itakayoiponya. Mwisho, mtu mmoja asimame nje na ndoo ya maji na kopo, ayamimine polepole juu ya dirisha lililofungwa, mwingine akiwa ndani na tochi. Jaribio hili lingoje plasta na puti vikauke, lakini lifanyike kabla ya Mungu kulifanya mwenyewe mwezi wa Aprili.

Kila dosari iandikwe katika karatasi moja, na wote wawili watie sahihi. Wako wanaoona kwamba kuandikiana na fundi wa kijiji kimoja ni kumtukana. Ni kinyume chake. Karatasi humlinda fundi pia, kwa kuwa kioo kilichopasuliwa na mpira wa watoto mwezi wa Mei hakitaweza kuhesabiwa katika kazi yake ya Februari.

UCHAFU NA MKWARUZO SI KITU KIMOJA

Mengi yanayoitwa mikwaruzo katika kioo kipya ni uchafu wa ujenzi: matone ya rangi, saruji iliyorushwa na mwiko, gundi ya karatasi ya kiwandani, alama za vidole zenye mafuta ya puti. Kabla ya kulalamika, kioo kioshwe kwa maji mengi yenye sabuni na kitambaa laini. Maji mengi ndiyo shina la kazi, maana chembe za mchanga zilizokauka juu ya kioo zikisuguliwa kwa kitambaa kikavu zitakikwaruza. Kioo kingi kimekuja mbali, kikapita bandari ya Mombasa na njia ya zaidi ya kilomita 800 bila mkwaruzo, kisha kikakwaruzwa siku ya mwisho na kijana aliyeambiwa akipanguse kwa gunia. Tangu mwaka 2023 kiko kiwanda cha vioo bapa Mkuranga, katika Mkoa wa Pwani wa Tanzania, na huenda safari ya kioo ikafupika. Lakini gunia kavu ni lile lile.

Tone la rangi lililokauka hutolewa kwa wembe mpya, kioo kikiwa kimelowa maji ya sabuni. Wembe ushikwe karibu kulala, usukumwe upande mmoja tu, na usirudishwe nyuma ukiwa juu ya kioo, kwa sababu mchanga ulionaswa chini yake huchora mstari. Wembe wenye kutu usitumike kabisa. Rangi ya mafuta iliyo mbichi bado hutoka kwa kitambaa chenye tapentaini au mafuta ya taa, lakini vitu hivyo visiiguse puti mpya, maana huilainisha.

Saruji ni adui mwingine. Ikiwa mbichi, huoshwa kwa maji na kwisha. Ikiachwa siku nyingi, ukali wa chokaa iliyo ndani yake hula uso wa kioo na kuacha weupe kama ukungu, nao ukungu huo hauko juu ya kioo bali ndani yake. Maji yanayotiririka kutoka katika plasta mpya wakati wa mvua hufanya vivyo hivyo, na ndiyo sababu kioo kilicho chini ya ukuta uliopakwa majuzi yafaa kisukutuliwe kila mara. Doa jepesi linaweza kutolewa kwa siki iliyochanganywa na maji, likaoshwa mara moja. Fundi akisema kwamba doa zito litatoka lenyewe, asisadikiwe.

Lipo doa lingine ambalo watu wengi huliona baada ya mvua za kwanza, nalo huwashangaza: vijidoa vyekundu vya kutu katikati ya kioo, mahali pasipo na chuma. Vijidoa hivyo hutokana na cheche. Mafundi wa vyuma wakikata au kusugua chuma cha mlango kwa mashine karibu na dirisha lililokwisha kutiwa kioo, cheche ni chembe za chuma zenye moto mkali. Zikigonga kioo huyeyusha uso wake na kujishika humo. Siku ile huonekana kama vumbi jeusi. Maji yakija, hushika kutu. Wembe huweza kuikata chembe iliyojitokeza, lakini kishimo hubaki, na hakuna dawa ya kukijaza. Dawa ni kufunika vioo kwa magunia yaliyoloweshwa au mbao kabla mashine haijawashwa, au, lililo bora, kumaliza kazi zote za kuchomelea kabla kioo cha kwanza hakijaingia.

Mkwaruzo wa kweli hupimwa kwa ukucha. Ukucha ukipita bila kukwama, mkwaruzo ni mwepesi na huweza kung'arishwa kwa unga wa seriamu oksaidi uliokorogwa na maji, ukasuguliwa kwa kitambaa cha sufi kwa uvumilivu mwingi. Ukucha ukikwama, afadhali kuuacha. Kuusugua mpaka uishe ni kuchimba bonde katika kioo, na mtu atakayetazama nje kupitia hapo ataona miti ya mikaratusi imepinda. Dawa ya meno, ambayo wengi huisifu, hung'arisha kidogo sana na haitoi mkwaruzo wowote wenye kina.

UFA NA CHANZO CHAKE

Ufa katika kioo kipya ndio unaoleta mabishano mengi, na mara nyingi mabishano hayo yangekwisha kama ufa wenyewe ungesomwa. Ukianzia mahali pamoja katikati, ukatawanyika kama miali ya nyota, kioo kimepigwa: jiwe, fimbo, pembe ya ng'ombe, au ngazi ya mpaka rangi. Ukianzia ukingoni, penye kigongo kidogo kilichobanduka mfano wa mwezi mchanga, basi kioo kilikatwa vibaya, au kimebanwa na msumari, au na tone la chuma lililoachwa katika fremu na mchomeleaji. Ukianzia pembeni na kwenda kwa mshazari, fremu inakunjwa, na aghalabu kinachoikunja ni ukuta.

Huu wa tatu ndio wa kuogopwa. Nyumba nyingi za pande hizi hujengwa kwa matofali ya udongo yaliyochomwa papo hapo shambani. Ni matofali mazuri yakiiva. Lakini ukuta wowote mpya hutulia kidogo mwaka wa kwanza, hasa mvua ikilowesha udongo wa msingi. Juu ya dirisha panatakiwa linta ya zege yenye nondo, iliyoingia ndani ya ukuta pande zote mbili, ili ichukue uzito wa matofali ya juu. Mwenye nyumba anayebana fedha huiondoa linta na kuambiwa kwamba fremu ya chuma itatosha. Fremu haikufanywa kubeba ukuta. Inapokunjwa kwa unene wa kibiriti tu, chuma na mbao huvumilia, lakini kioo hakijui kukunjika, hivyo hupasuka. Kioo cha pili kitapasuka mahali pale pale, na cha tatu. Anayeona ufa wa mshazari autazame ukuta juu ya pembe ile: akikuta ufa katika plasta unaofuatana na ule wa kioo, na amwite mwashi kwanza, wala si fundi wa vioo.

Ili kujua kama ukuta bado unatembea, alama za kalamu zitiwe pande mbili za ufa wa plasta, umbali upimwe na tarehe iandikwe hapo hapo ukutani. Upimwe tena kila mwezi katika mvua. Usipobadilika kwa majira mazima, ukuta umetulia, na kioo kipya kinaweza kutiwa bila wasiwasi.

Ufa mdogo wa ukingoni katika kioo cha juu, kisichofikiwa na watoto, unaweza kushikwa kwa utepe angavu wa gundi pande zote mbili mpaka fedha zipatikane. Hautaungana tena, na baridi ya usiku mmoja inaweza kuurefusha. Kioo cha chini kilichopasuka kisingoje. Kipande cha kioo chenye unene wa milimita 4 na eneo la meta moja ya mraba kina uzito wa kilo 10, na kikianguka hakianguki taratibu.

PUTI

Dosari iliyo ya kawaida kuliko zote, tena rahisi kuliko zote kutengeneza, ni puti iliyopasuka au kubanduka. Watu huilaumu puti kuwa ni mbovu. Mara chache ni hivyo. Katika dirisha la mbao, puti hupasuka kwa sababu mbao haikupakwa rangi ya kwanza. Mbao kavu hunywa mafuta ya kitani yaliyo ndani ya puti, ikabaki chaki tupu. Katika dirisha la chuma mambo ni kinyume: chuma hakinywi mafuta, na puti iliyofanywa kwa ajili ya mbao hukawia sana kukauka juu yake. Iko puti ya madirisha ya chuma, yenye dawa ya kuikausha, na mnunuzi aitaje kwa jina lake dukani. Zaidi ya hayo, puti hubanduka ikiwa ilipakwa juu ya vumbi, kutu au umande.

Kipande kibovu kikatwe kwa kisu butu na patasi, kwa upole, patasi ikielekea fremu wala si kioo. Mfereji wa fremu usafishwe mpaka mbao au chuma kionekane, upakwe rangi ya kwanza, uachwe ukauke. Puti ikandwe mikononi mpaka iwe laini kama unga wa chapati ulioiva na isinate vidoleni. Ikiwa kioo kimetolewa, puti nyembamba itandazwe kwanza katika mfereji ili kioo kikae juu yake, maana kioo kinachogusa chuma kitupu hulia katika upepo na hatimaye hupasuka. Kioo kiwe pungufu ya nafasi yake kwa milimita 3 hivi, kwa urefu na kwa upana, kipate mahali pa kutanukia. Kisukumwe kwa kingo zake. Anayekisukuma katikati atakivunja. Vishikizo au misumari midogo itiwe, kisha puti ya nje ipakwe kwa mshazari, mteremko wake ukielekea nje ili maji yasitulie.

Kosa linalofuata ni la wenye haraka. Puti mpya isipakwe rangi siku ile ile. Ingoje wiki moja au mbili mpaka ifanye ngozi. Lakini pia isiachwe miezi bila rangi, kwa maana jua litaikausha na mvua itaingia katika nyufa zake. Rangi ipite ukingo wa puti na kukanyaga kioo kwa milimita 2 au 3. Mstari huo mwembamba, ambao wasafi wengine huukwangua kwa wembe wakidhani ni uchafu, ndio unaozuia maji kuingia kati ya puti na kioo.

CHUMA, MBAO NA ALUMINI

Madirisha ya chuma si ya jana. Francis Henry Crittall alianza kuyatengeneza Braintree, Uingereza, mwaka 1884, na kwa desturi ile ile ya vyuma vyembamba vilivyounganishwa, mafundi wa jua kali wa Kitale, Kimilili na Bungoma hutengeneza yao hata leo. Dosari zake hukaa mahali pawili: penye viungo vilivyochomelewa, na katika chuma cha chini ambapo maji hutulia. Mchomeleaji asipougonga na kuuondoa ule ukoko unaobaki juu ya kiungo, rangi hushika ukoko badala ya chuma, na vyote viwili huanguka pamoja. Dawa ni kukwangua mpaka chuma king'ae, kusugua kwa burashi ya waya na msasa, kupaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo kabla ya umande wa jioni, kisha rangi ya mafuta mara mbili. Kupaka rangi juu ya kutu ni kuifunika nguo. Kutu hufura kuliko chuma ilichokila, na ikiwa ndani ya mfereji wa kioo husukuma puti nje na kukivunja kioo chenyewe.

Dirisha la chuma likikataa kufungwa, watu huligonga kwa nyundo. Bawaba itiwe mafuta kwanza, na itazamwe kama rangi iliyoganda haikuijaza. Mara nyingi ni rangi tu.

Dirisha la mbao lina hila yake. Mbao za saipresi na mukima huuzwa mara kwa mara zingali mbichi; fundi hufanya dirisha linalokaa vizuri Februari, likakwama Juni kwa kunywa unyevu. Mwenye nyumba akikasirika akalipiga randa katikati ya mvua, kiangazi kikirudi atakuta mwanya wa kupitisha kidole. Yafaa apake chaki ukingoni, afunge, aone ni wapi hasa chaki inapofutika, akwangue hapo kidogo tu, na mahali palipokwanguliwa papakwe rangi mara moja. Ncha za mbao, za juu na za chini, ambazo fundi huziacha bila rangi kwa kuwa hazionekani, ndizo zinazokunywa maji zaidi. Mchwa nao watazamwe: njia zao za udongo zikipanda ukutani kuelekea fremu zisifagiliwe tu, bali zifuatwe mpaka zinakotoka.

Madirisha ya alumini, yale ya kusukuma kando, yameenea sana katika nyumba mpya za miaka hii. Hayashiki kutu, na kwa sababu hiyo watu hudhani hayadhuriki. Saruji mbichi huacha doa juu yake lisilofutika, hivyo ioshwe saa ile ile, wala siki isitumike. Plastiki ya kukinga iliyobandikwa kiwandani itolewe mara kazi ikisha. Ikiachwa juani miezi mingi gundi yake huganda. Na vile vitundu vidogo vilivyo chini ya reli ni vya kutoa maji. Visizibwe kwa plasta wala rangi. Vikizibwa, reli huwa mfereji unaomwaga maji sebuleni.

MWANYA KATI YA FREMU NA UKUTA

Ukuta na fremu huachana kidogo nyumba inapokauka, na mstari mwembamba huonekana pande zote za dirisha. Si ajabu wala si aibu ya fundi. Mstari mwembamba kama uzi, ndani ya nyumba, husubiri mpaka wakati wa kupaka rangi tena. Ulio nje uzibwe kabla ya mvua. Kupaka saruji juu ya mstari huo hakufai, maana utando mwembamba hubanduka. Mwanya upanuliwe kwa patasi, vumbi lipulizwe, ulowanishwe maji, kisha ujazwe mchanganyiko wa saruji moja kwa mchanga tatu. Ulio mwembamba sana ujazwe silikoni ya dukani, ukiwa mkavu kabisa.

Kizingiti cha chini kwa nje kiteremke kuelekea nje, tena kitokeze mbele ya ukuta, na chini ya ukingo wake pawe na mfereji mdogo wa kudondoshea maji. Pasipo mfereji huo maji hurudi chini ya kizingiti na kuufuata ukuta, na mwenye nyumba hudhani dirisha linavuja.

FUNDI NA FEDHA ZILIZOBAKI

Katika kazi kubwa za majenzi nchini Kenya ni desturi kubakiza sehemu ya malipo, mara nyingi moja ya kumi, mpaka muda uliokubaliwa upite na dosari zitengenezwe. Hakuna kinachomzuia mwenye nyumba wa Naitiri kupatana vivyo hivyo na fundi wake, mradi jambo hilo lisemwe siku ya kwanza na si siku ya malipo. Wapatane kwamba fedha zilizobaki zitatolewa baada ya mvua kubwa za kwanza, fundi akisha kurudi kuangalia kazi yake. Naye mwenye nyumba asizishikilie kwa sababu ya alama ambayo haionekani na mtu aliyesimama hatua tatu kutoka dirishani. Kioo cha nyumba si kioo cha darubini, na fundi naye ana watoto wa kulipia karo.

Vioo na vyuma vinavyonunuliwa dukani vitazamwe kabla havijapakiwa. Sheria ya Kenya ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, humpa mnunuzi nafasi ya kukagua alichonunua; lakini aliyekipokea kioo, akakifunga juu ya pikipiki na kukifikisha Naitiri, atapata taabu kumshawishi mwenye duka kwamba ufa ulikuwepo tangu mwanzo. Kioo kisafirishwe kikiwa kimesimama juu ya ukingo wake, karatasi kati ya kipande na kipande, kisilazwe kamwe.

Vipande vya kioo kilichovunjika visitupwe shambani wala katika shimo la mbolea, kwa sababu jembe la mwaka ujao litavifukua, na watoto na ng'ombe hupita hapo bila viatu. Vifungwe katika gunia zito na kuzikwa ndani ya shimo lenye kina cha kiuno, mbali na njia, na mahali pale pawekwe alama.